Sabuni ya Dirishani

Darasa zima la uzamili wa afya ya jamii lilimwita Bi Mbetuo, na jina lilimkaa utadhani alipewa siku aliyozaliwa. Hakuna aliyewahi kumwona akimsikiliza mtu hadi mwisho bila kubetua mdomo. Mwenzake akitamka "washikadau", mdomo ukaenda upande mmoja. Akitamka "mabadiliko ya tabia", mdomo ukaenda upande wa pili. Alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kabla hajaja chuoni, miaka na miaka ya kubadilisha shuka na kutafuta mishipa midogo isiyoonekana, na kwenye vile viti vya plastiki vya darasani alikaa kama mtu mzima aliyeadhibiwa na watoto wa chekechea.

Na tuseme ukweli, sababu za kubetua hazikukosekana. Kulikuwa na yule mwenzake waliyempa jina la Tai, kwa kuwa hakuivua tai shingoni hata siku moja, na hakuna aliyejua shingo yake ilivyo. Tai alitoka ofisi fulani kubwa ambako kazi yake ilikuwa kufungua mikutano. Alishaandika insha nzima kuhusu malaria bila kumtaja mbu hata mara moja, akapewa alama za juu, akashangiliwa. Bi Mbetuo aliposomewa insha ile alitoka nje akaenda kucheka chooni, maana angecheka pale pale angefukuzwa.

Halafu kulikuwa na Profesa mwenyewe, msimamizi wake, Mzee Viashiria. Loo, huyu! Kwake kila kitu kilikuwa kiashiria. Ukichelewa ni kiashiria, ukiwahi ni kiashiria, ukipiga chafya ataitafutia safu kwenye jedwali. Miaka ya nyuma alianzisha kampeni ya kunawa mikono katika mitaa ya pembezoni mwa mji, yenye mabango, fulana za njano na hotuba ndefu. Katika kila choo aliagiza pawe na kibuyu chirizi, lile dumu dogo linaloning'inizwa kwenye miti, ukikanyaga kamba linainama na kuchuruza maji. Kando yake pawe na sabuni. Kwa kampeni hiyo alikwishasafiri nchi nyingi akionyesha picha yake akinawa mbele ya umati, na ukiitazama vizuri picha ile, mikono ilikuwa mikavu kabisa.

Bi Mbetuo alimdharau mtu huyu kwa moyo wake wote. Akaamua kumwangusha, na silaha yake ingekuwa tasnifu. Alipoambiwa achague mada, alisema kwa sauti tamu kabisa, "Profesa, ningependa nipime mafanikio ya kampeni yako." Mzee Viashiria akafurahi hadi miwani ikamteleza. Akaahidi kumsaidia kwa kila hali, na akamkumbusha kwamba ile nafasi ya mratibu wa afya ya mji ilikuwa inasubiri mtu mwenye shahada, na kwamba wakubwa wanaomchagua mratibu huwa wanamuuliza yeye kwanza. Mwanamke yule aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Alikuwa amechoka na wodi, amechoka na miguu kuvimba, na alijiona amezidi kila mtu aliyewahi kumpa amri.

Mtaa aliouchagua ulikuwa ule alikozaliwa. Wenzake walidhani ni mapenzi ya kwao. Mapenzi yapi! Aliuchagua kwa sababu alijua atakachokikuta. Mtaa ule hakuna mtu anayeacha sabuni chooni. Panya wanaibeba, watoto wanaichezea, mpita njia anaitia mfukoni. Sabuni inakaa ndani, juu ya kizingiti cha dirisha la jikoni. Ukitoka chooni unasimama uani, unapaza sauti, "Sabuni!" na mkono unatoka dirishani, wa mama au wa dada au wa yeyote aliye karibu, unakupa. Ukimaliza unarudisha. Yeye mwenyewe alikua hivyo. Mama yake alipokuwa hayupo, aliita dirishani kwa mshonaji wa jirani, na mshonaji aliacha cherehani yake akampa.

Yote hayo aliyajua. Na hojaji yake, aliyoiandika kwa mkono wake, iliuliza hivi tu: je, kuna sabuni kando ya choo, ndiyo au hapana? Hakuweka swali la dirisha. Majibu ya hapana yakirundikana, Mzee Viashiria ataonekana kituko mbele ya dunia nzima. Kwamba watu wa mtaa nao wataonekana wachafu, hilo halikumnyima usingizi. "Nitawaanika wote," alimwambia rafiki yake wa wodini kwenye simu, akiwa amelala kifudifudi kwenye kitanda chake cha zamani nyumbani kwa mama yake. "Yule mzee na mtaa wake mzima. Wataona aibu hadi wajifiche chini ya meza." Akacheka sana. Ukuta wa chumba kile ulikuwa wa mbao, na upande wa pili mama yake alikuwa akipiga pasi.

Mama yake ndiye aliyekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea wa mtaa, mwenye fulana ya njano ya kampeni iliyofifia ikawa rangi ya maziwa. Kanuni ya utafiti ilidai watafiti waongozwe na mhudumu, kwa hiyo hapakuwa na jinsi, ikabidi waongozwe naye. Bi Mbetuo aliona haya. Mama yake alitembea kwa kandambili, aliongea kwa sauti ya sokoni, na kila nyumba alimtambulisha kwa maneno yale yale: "Huyu ni mwanangu, anasomea afya ya watu wote duniani."

"Mama, sema tu ni mtafiti," alimnong'oneza.

"Si ndiyo nimesema."

Tai ndiye aliyekuja kumsaidia kukusanya takwimu, amevaa tai hata kwenye jua lile. Walipofika mlango wa kwanza, mama akawazuia kwa mkono. "Nyie simameni hapa kwanza, mwandikeandike mambo yenu. Mimi natangulia kufunga mbwa." Akaingia kwa uani. Baada ya muda kidogo akaita, "Haya, njooni! Amefungwa!"

Wakaenda moja kwa moja chooni, maana utaratibu ulikuwa choo kwanza, mahojiano baadaye. Kibuyu chirizi kilikuwepo, kimejaa maji. Na kando yake, juu ya jiwe, kipande cha sabuni ya bluu, kibichi kwa maji, kona moja imeng'atwa na panya.

Bi Mbetuo alikodoa macho. "Bahati," akasema, akaweka alama ya ndiyo. Wakati anamhoji mwenye nyumba sebuleni, mama akaaga. "Natangulia jirani, nako kuna mbwa."

Nyumba ya pili, sabuni. Ya tatu, sabuni. Bluu, mbichi, imeng'atwa kona. "Hata panya wa mtaa huu hawana adabu," alimwambia Tai, "kila nyumba wanakula kona ile ile." Tai akaandika maneno hayo kwenye safu ya maoni, kwa hati nzuri kabisa. Kwa kuwa sabuni zote zilikuwa mbichi, na kitabu kinasema sabuni mbichi ni dalili kwamba inatumika, wakaongeza alama ya pili: inatumika.

Ikawa hivyo mtaa mzima, siku baada ya siku. Mama mbele na mbwa wake, wao nyuma na hojaji zao. Mfuko wa fulana ya njano ulikuwa umelowa wakati wote, na binti alipouona alimwambia mama yake ajifute, anatia aibu. Watu wa mtaa walimpokea kwa heshima iliyopita kiasi. "Tunanawa, mwanangu," mshonaji alimwambia huku akiuma uzi kwa meno. "Si umeiona sabuni?" Na wajukuu zake waliokuwa chini ya meza ya cherehani wakabana vicheko, wakatolewa nje. Bi Mbetuo alidhani wanacheka tai ya Tai.

Siku ya mwisho kile kipande kilikuwa kimesinyaa, kimekuwa chembamba. Naye, msomi wetu, muuguzi mzoefu, mwenye jicho linaloona mshipa wa mtoto gizani, akaandika: sabuni zinakaribia kwisha, wakazi wanazitumia sana.

Takwimu zilipoingizwa kwenye kompyuta, majibu ya ndiyo yalijaa skrini nzima. Bi Mbetuo alikaa mbele yake akiwa amevimba kwa hasira. Silaha yake imegeuka ua! Mzee Viashiria alipoona matokeo aliinuka kwenye kiti, akamshika mikono yote miwili, akamwita binti yake. Akasema tasnifu hii itapewa sifa ya juu kabisa. Akasema ameshaongea na wakubwa, nafasi ya mratibu ni kama iko mfukoni, ni kutetea tu tasnifu mbele ya jopo halafu kazi imekwisha. Bi Mbetuo akaondoka pale hajui acheke au alie. Alitaka kumzika yule mzee, na sasa ametokea kuwa mpiga debe wake. Lakini nafasi ile, jamani. Ofisi yenye mlango wake. Akaanza kujizoeza kukubali. Pengine mtaa ulikuwa umebadilika kweli. Kwani yeye alirudi kwao mara ngapi?

Aliyeharibu mambo alikuwa Tai, mtu wa mwisho kutegemewa. Walikuwa maktaba wakipanga majedwali, Tai akasema tu, bila nia yoyote, "Mtaa wenu una mbwa wapole sana. Sikumsikia hata mmoja akibweka."

"Mbwa gani?"

"Wale mama alikuwa anawafunga."

Bi Mbetuo alifungua mdomo amjibu kwa kejeli, mdomo ukabaki wazi. Mtaa ule haukuwa na mbwa. Haukuwahi kuwa na mbwa. Tangu utoto wake, watu walipotaka kumtisha mtoto ilibidi wamtishe kwa mbwa wa mtaa wa pili. Alikuwa ameutupa mtaa ule kichwani mwake kwa muda mrefu mno, akasahau hata kitu kama hicho, na ilibidi akumbushwe na mtu asiyemjua mbu. Akaona tena lile jiwe kando ya choo, kona iliyong'atwa, mfuko uliolowa. Akafunga kompyuta.

Alimkuta mama yake jikoni akichambua mchele.

"Mama, mlikuwa na sabuni ngapi?"

Mama hakuinua uso. "Swali gani hilo?"

"Ulikuwa unazungusha kipande kimoja mtaa mzima. Mbwa, mbwa, mbwa! Mbwa wako wapi?"

"Umechelewa sana kuuliza," mama akasema. "Mshonaji alibashiri utajua siku ya kwanza. Mimi nilimwambia hutajua hata siku ya mwisho. Nilikuwa sahihi, na sikufurahi."

Binti akavuta kigoda, akakaa. Moyo ulikuwa umeanza kumlainika, maana alidhani ameelewa. "Najua ulitaka kunisaidia, mama. Ulitaka nifaulu. Lakini utafiti si mtihani wa nyumba kwa nyumba, hata wangekosa sabuni mimi nisingefeli..."

"Nikusaidie wewe?" Mama aliweka ungo chini. Sasa alimtazama, na kile kilichokuwa usoni mwake Bi Mbetuo alikijua vizuri, maana alikivaa mwenyewe kila siku. Mdomo wa mama ulikuwa umebetuka. "Nani alikuwa anakusaidia wewe? Nilikuwa nawasitiri watu. Nilikusikia kwenye simu. Utawaanika. Watu waliokupa sabuni mkononi ulipokuwa hujui hata kujifunga kaptura, uje na karatasi uandike kwamba ni wachafu, ili umkomeshe mzee mmoja mwenye miwani. Mtaa mzima ulijua. Niliwaambia mimi mwenyewe, nikawaomba wanisaidie, wakasema sawa, na huyo mwanao tumsitiri."

"Ni udanganyifu, mama. Nikisema..."

"Kaseme! Waambie ni mimi, sabuni ni yangu, panya pia ni wangu. Fulana yao wachukue, imeshachakaa. Lakini ukisema ya kwangu, useme na yako. Sabuni inakaa wapi katika mtaa huu? Ulikuwa hujui?"

Alitaka kusema kwamba kiashiria ni kiashiria, kwamba kitabu ndicho kinachosema kando ya choo, lakini alisikia maneno hayo yakija kwa sauti ya Mzee Viashiria.

"Ulijua," mama akasema, akarudi kwenye mchele wake. "Mjinga ningemsamehe."

Siku ya kutetea tasnifu, chumba kilikuwa kidogo na feni ilikuwa inalia. Mzee Viashiria alivaa suti mpya. Tai alikaa safu ya mbele na tai nyekundu. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mfupi, mchovu, anayeonekana ametoka safari, na wote walitarajia atauliza swali moja la heshima kisha aombe chai. Bi Mbetuo alionyesha majedwali yake. Alikuwa ameamua. Ataisema sabuni, lakini kitaalamu: kwamba palitokea upendeleo wa taarifa, yaani taarifa kupindishwa na mhudumu wa kujitolea, kwamba utafiti ujao uchague wahudumu wenye elimu zaidi. Namna hiyo mzee ataumbuka kidogo, yeye ataonekana makini, na nafasi ataipata. Lawama itamwangukia mtu asiye na jina, mwenye fulana iliyofifia.

Mtahini wa nje akavua miwani. "Sabuni zilikuwa za aina gani?"

"Aina moja," akajibu.

"Nyumba zote? Ajabu. Labda duka ni moja?"

"Hapana," Bi Mbetuo akasema. Akatazama karatasi yake ilipoandikwa upendeleo wa taarifa, akaifunika mezani. Mhudumu wa kujitolea! Si aseme tu mama? "Sabuni ilikuwa moja. Kipande kimoja. Kilikuwa kinatangulizwa mbele yetu nyumba hadi nyumba."

Mzee Viashiria alicheka, akidhani ni utani, halafu akaacha. Tai aliinamia daftari lake, pengine akitafuta safu ya panya.

"Na nani alikipeleka?" mtahini akauliza.

"Mama yangu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu mtaa wetu sabuni inakaa dirishani. Mtu akitoka chooni anaita, anapewa. Watu wananawa. Wamenawa tangu kabla ya kampeni ya Profesa, kampeni haikuongeza wala kupunguza kitu."

"Wewe ni mzaliwa wa huko," mtahini akasema polepole. "Hayo ulikuwa hujui ulipoandika hojaji?"

"Nilijua."

"Basi kwa nini hukuuliza habari ya dirisha?"

Feni ikalia. Alikuwa na majibu mazuri matatu, yote ya kitabuni, na lolote kati ya hayo lingemvusha. "Kwa sababu nilitaka waonekane wachafu," akasema, "ili Profesa aonekane mjinga."

Hakuna aliyeomba chai. Jopo lilimtoa nje, likamrudisha, likamwambia kazi nzima inafutwa, aanze upya toka pendekezo, na atafutiwe msimamizi mwingine kwa kuwa Profesa hataki hata kusikia jina lake. Nafasi ya mratibu wa afya ya mji haikusubiri. Alipewa Tai. Siku hiyo hiyo alianza kazi kwa kufungua mkutano, na katika hotuba yake aliusifu mtaa fulani ambao wakazi wake hutumia sabuni kwa wingi hadi inakwisha. Mzee Viashiria alikaa meza kuu na kupiga makofi. Watu wa aina hii hawaumbuki, jamani, tusidanganyane.

Bi Mbetuo alirudi wodini. Wikiendi moja alikwenda kwao, hakuaga, hakubeba zawadi wala karatasi. Mchana ulikuwa wa joto na madirisha yote ya jikoni yalikuwa wazi. Aliingia chooni kwanza, akatoka, akasimama uani. Jiwe lilikuwa tupu. Alikanyaga kamba, maji yakamchuruzikia mikononi.

Tangu awe mtu mzima hakuwahi kuita. Akiwa mgeni alijifuta tu kwa karatasi yake laini na kubetua mdomo. Sasa alipaza sauti, ikatoka nyembamba kama ya mtoto.

"Sabuni!"

Cherehani ya jirani ikasimama. Alijua wanasikia. Alijua mtaa mzima unasikia.

"Mama! Sabuni!"

Pazia la dirisha likasogea kidogo, na sauti ya mama yake ikatoka, tulivu kabisa.

"Subiri hapo hapo kwanza. Nafunga mbwa."

Kwa mshonaji kicheko kikapasuka, kikadakwa na nyumba ya pili, kikaenda na uzio hadi mwisho wa mtaa. Bi Mbetuo alisimama katikati ya uani na mikono yake iliyolowa, akasubiri.